Wageni Wasimame

Mwinjilisti wetu alikuwa na kawaida moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Kila Jumapili matangazo yakishaisha alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akasema, "Kama kuna wageni, wasimame tuwatambue." Hilo kila kanisa wanasema. Lakini yeye alilisema hata siku ambazo tulikuwa wachache kiasi kwamba kila mtu alijua nani ana mafua. Akishasema alinyamaza. Alinyamaza kweli, akiangalia mlango, na sisi sote tukageuza shingo kuangalia mlango, na mlangoni hapakuwa na mtu, labda kuku wa jirani. Ndipo anasema, "Haya. Tuko wenyewe." Ibada inaendelea.

Naandika habari zake kwa sababu Jumapili iliyopita nimemwona tena, na sijui nimwambie nani nilichokiona. Kuongea mbele za watu siwezi. Darasani nikiulizwa swali jibu ninalo, lakini linakwama hapa kooni na mwalimu anahamia kwa mwingine. Kuandika naweza.

Kanisa lenyewe lilikuwa nje ya Makambako, upande wa barabara ya Njombe, katikati ya miti ya milingoti. Kwetu Walutheri kanisa dogo lisilo na mchungaji wake linaitwa mtaa, na anayelilea ni mwinjilisti. Mchungaji alikuja siku za ubatizo na meza ya Bwana, akaondoka na pikipiki kabla chai haijapoa. Siku nyingine zote alikuwa yeye. Alifungua mlango, alipiga kengele, alihubiri, akafunga mlango. Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti, na aliipiga kwa nondo, na aliipiga hata baada ya jumuiya kuwa na grupu la WhatsApp ambalo kila tangazo lilifika huko kwanza.

Mimi nilikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Pana baridi pale, mwezi wa saba upepo unaingia mpaka kwenye meno, lakini anayekaa pale haitwi kusoma neno. Kwa hiyo Mwinjilisti alipoangalia mlango, mara nyingi macho yake yaliishia kwangu, nami niliinama nikajifanya natafuta kitu chini.

Ni lazima niseme kwa nini nilikuwa namwangalia sana. Mama yangu aliumwa muda mrefu, akapelekwa hospitali ya Ikonda, huko akafariki. Tuliomba wote. Bibi yangu, ambaye sasa ndiye ananilea, alifunga kula mpaka akaanguka jikoni. Tangu tumzike mama siwezi kusali. Sijakasirika. Nikifumba macho naona ni macho tu yamefumbwa, hakuna kingine. Sasa nikajiwekea mpango ambao sikumwambia mtu: nitamwangalia Mwinjilisti. Kama kuna mtu huku kwetu anajua kwamba Mungu yupo, ni yeye. Nikiona kwamba anajua kweli, nitarudi. Nikiona hajui, basi.

Kwa hiyo nilimwangalia vizuri kuliko nilivyowahi kumwangalia mtu.

Alikuwa mrefu, amepinda kidogo kama mtu aliyezoea milango mifupi. Koti lake la kijivu lilikuwa na mifuko iliyolegea kwa sababu ya peremende. Alikataza bablishi kanisani, ukikamatwa unaitema mkononi mwake mbele ya watu, lakini yeye mwenyewe wakati wa nyimbo alimung'unya peremende mpaka tukasikia inagonga meno. Bibi alimwambia siku moja, "Mwinjilisti, hiyo ya kwako si dhambi?" Akajibu, "Hii ni dawa ya kifua." Bibi akasema, "Kifua chako hakiponi toka nikiwa msichana."

Kuimba hakujua. Alianza nyimbo juu sana, wamama wakamshusha, yeye akabaki kulekule juu peke yake. Mahubiri yake yalikuwa mafupi. Sikumbuki hata moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na nimejaribu. Nakumbuka alivyokuwa anasimama katikati ya sentensi, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau amefuata nini, halafu anasema, "Nguluvi anajua," yaani Mungu anajua, kwa Kibena, na anaendelea na jambo lingine. Mimi nilijiuliza, je, hayo maneno anayasema kwa sababu anaamini, au kwa sababu amesahau?

Alikuwa mkali kwa uongo. Mtoto akidanganya kwamba amechelewa kwa sababu ya mvua, Mwinjilisti anatoka nje kugusa udongo kama umelowa. Lakini uongo mmoja aliusema yeye, tena kanisani, tena kwa ajili yangu. Siku ya kipaimara wanafunzi tunasimamishwa mbele ya watu wote, mmoja mmoja, tunaulizwa maswali ya imani. Zamu yangu ilipofika aliniuliza swali jepesi, nadhani alinichagulia. Nikasimama. Jibu lilikuwa limekaa pale kooni. Mchungaji akakohoa. Mwinjilisti akanisubiri kama alivyosubiri wageni, bila kukunja uso, halafu akageukia watu akasema, "Huyu anajua. Jumamosi alinijibu vizuri kabisa. Kaa, mwanangu." Jumamosi, kwenye darasa la kipaimara, sikuwa nimefungua mdomo. Hakuna Jumamosi niliyowahi kufungua mdomo.

Tulipomrudisha mama kutoka Ikonda, watu walikuja nyumbani na maneno yao. Mungu amempenda zaidi. Kazi ya Mungu haina makosa. Mama mmoja alinishika mabega akaniambia nisilie, mama yangu anatuona. Mwinjilisti alikuja, akasema "Kamwene", salamu ya kwetu, kwa kila mtu, akanishika kichwa, kisha akauliza shoka liko wapi. Akaenda nyuma ya nyumba akapasua kuni. Alipasua na koti lake limetundikwa kwenye ua, mpaka vijana wakaona aibu wakaenda kumpokea, akawakatalia. Hakuniambia neno hata moja kuhusu mbinguni. Nikasema moyoni, huyu anajua kitu, ndiyo maana hana haja ya kukisema. Niliishi na wazo hilo muda mrefu. Siku hizi nawaza kwamba labda alikwenda kwenye kuni kwa sababu hakuwa na la kusema.

Mgeni alikuja mara moja. Namaanisha mgeni wa kweli, si shangazi ya mtu. Ilikuwa masika, mvua ilikuwa inapiga bati mpaka mahubiri hayasikiki, na lori lilikuwa limeharibika barabarani. Katikati ya matangazo akaingia kijana amelowa, ameshika kandambili mkononi, akakaa pembeni yangu. Alinuka dizeli. Mwinjilisti akavua miwani.

"Kama kuna wageni, wasimame tuwatambue."

Yule kijana akaniangalia. Nikaangalia chini. Akasimama.

"Karibu sana!" Mwinjilisti akasema, sauti imempanda. "Tuambie jina, unatokea wapi, na salamu za huko utokako."

"Mimi ni utingo tu," akasema kijana. "Gari letu limekufa gia boksi hapo chini. Na samahani, mimi ni Mwislamu. Nimeingia kukwepa mvua."

Bibi akaguna. Mwinjilisti akasema, "Mvua ni ya wote. Unatokea wapi?"

"Tunduma."

"Wanasemaje Tunduma?"

Kijana akafikiri. Nadhani aliona tunamwangalia sana akatuonea huruma. "Wanawasalimu," akasema.

"Tumezipokea!" kanisa zima likaitika, na tukampigia makofi ya kumkaribisha, yale ya pamoja, na wamama wakapiga vigelegele kwa ajili ya salamu za Tunduma. Baada ya ibada Mwinjilisti alimpeleka nyumbani kwake akampa chai na viazi. Mvua ilipokatika kijana akaenda zake. Jumapili kadhaa zilizofuata, kwenye maombi, baada ya wagonjwa na wajane na wasafiri, Mwinjilisti aliombea gia boksi. Hakutabasamu alipoiombea. Sisi tulibana vicheko mpaka benchi likatikisika.

Siku ya yule utingo ndiyo pekee niliyomwona amefurahi hadi machoni.

Mwenzetu mmoja wa kipaimara, Tito, hakuwa na haya. Vitu ambavyo mimi naviandika yeye aliviuliza. Jumamosi moja tumekaa na Mwinjilisti nje ya kanisa tunaota jua, Tito akasema, "Mwinjilisti, kwa nini unaita wageni na unaona tuko sisi tu?"

"Sasa akija siku hiyo sijaita?"

"Nani?"

"Mgeni."

"Mgeni gani, Mwinjilisti? Huku? Hata mabasi hayasimami."

Tukacheka. Yeye akatikisa peremende mfukoni. Tito akaona mlango umefunguka akaingia kabisa: "Na wewe Mwinjilisti, umewahi kumsikia?"

"Nani tena?"

"Mungu. Sauti yake, kabisa."

Hapo hatukucheka. Mimi niliacha hata kupumua, kwa sababu swali lilikuwa langu, Tito alikuwa ameliiba bila kujua. Mwinjilisti aliangalia milingoti. Alikaa hivyo mpaka Tito akaanza kujuta.

"Bado," akasema.

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo. Haya, fungueni vitabu, amri ya nne."

Nilirudi nyumbani na hiyo bado. Kwanza ilinifariji, kwa sababu mtu anayesema bado anategemea kitu. Kisha nikahesabu mvi zake, nikawaza jinsi alivyoanza kazi hii akiwa kijana, bibi akiwa msichana, na kila asubuhi anapiga ile rimu. Usiku ule sikuweka alama yoyote kwenye mpango wangu. Sikujua niweke upande gani.

Watu walianza kupungua polepole, na hilo ndilo lilikuwa gumu, kwamba hapakuwa na ugomvi. Hakuna aliyemkataa Mungu. Ukiwauliza wote walikuwa Wakristo. Ila parachichi zikaanza kuchumwa Jumapili kwa sababu gari la kampuni linapita Jumapili. Vijana wakawa na mechi. Wenye simu nzuri wakasema wanasikiliza mahubiri mtandaoni, tena ya watu wanaojua kuongea. Wengine walimfuata nabii mmoja mjini mwenye mafuta kwenye chupa ndogo, kwa sababu kule angalau waliambiwa kitu kitatokea, tena wiki hii hii. Shuleni rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja aliniambia, "Mimi na Mungu hatuna shida, wala hatusumbuani." Aliisema kama mtu anayezungumzia jirani wa mtaa wa pili. Nilimwonea wivu. Mimi nilikuwa nasumbuka.

Mtoto wa Mwinjilisti mwenyewe ni dalali wa parachichi. Ana pikapu. Asubuhi moja ya Jumapili mimi na bibi tuliwakuta nje ya kanisa, pikapu linaunguruma, kijana hajashuka.

"Mzee, panda nikupeleke mjini. Kanisa kubwa kuna hita, kuna viti vya plastiki, utakaa kama mtu."

"Nina ibada."

"Na nani?"

"Na hawa." Akatuonyesha mimi na bibi.

Kijana akatusalimu kwa heshima, shikamoo bibi na kila kitu, halafu akamwambia baba yake kwa sauti ya chini, lakini nilisikia, "Baba, umepoteza maisha yako yote unasubiri watu hapa. Watu wana kazi."

Mwinjilisti akasema, "Zima gari, unamaliza mafuta."

Siku hiyo tulikuwa sisi wawili, mama mmoja na mtoto wake mgongoni, na Mwinjilisti. Alifanya ibada yote. Alisoma matangazo yote, pamoja na ya usafi wa kanisa kwa kina baba, na kina baba hawakuwepo. Alivua miwani akaita wageni. Bibi hakuvumilia. "Mwinjilisti, unamwita nani? Hapa tunajuana mpaka masufuria." Mwinjilisti aliangalia mlango, na mimi nilikuwa karibu na mlango, na kwa mara ya kwanza sikuinama. Niliona uso wake. Sikuona imani wala mashaka. Ulikuwa uso wa mtu kwenye stendi ambaye basi lake limechelewa sana, anaona aibu kuuliza kama bado lipo, kwa sababu amekwishawaambia wengine wasubiri.

"Haya," akasema. "Tuko wenyewe."

Baada ya muda viongozi wa usharika waliamua kuuunganisha mtaa wetu na kanisa la mjini. Walikuja kwa adabu, wakaeleza, hata mimi niliona wana haki. Mabenchi yakapakiwa. Mwinjilisti alisaidia kuyabeba, akawafundisha vijana wasiyashike kwenye miguu kwa sababu imelegea. Rimu waliiacha kwenye mti. Yeye alistaafu, wakampa blanketi na wamama wakamwimbia. Hakutoa hotuba. Kisha akaugua, mguu mmoja ukawa mzito, mtoto wake akamchukua kwake, na sikumwona tena. Bibi miguu inamsumbua, mjini haendi. Mimi naenda kwa sababu ananiuliza wamehubiri nini nami siwezi kumdanganya. Nakaa nyuma, karibu na mlango.

Jumapili iliyopita nilimwona. Alikuwa katikati ya kanisa kwenye kiti cha plastiki, koti lilelile, ameshikilia fimbo. Kanisa lilikuwa limejaa. Kwaya ina sare na kinanda, maneno ya nyimbo yanaonyeshwa ukutani kwenye skrini, na kila kitu kilikuwa kizuri, sitaki kusema uongo, kilikuwa kizuri na mimi sikusikia chochote. Matangazo yakaisha. Mzee wa kanisa mmoja, kijana wa suti ya bluu, akachukua kipaza sauti.

"Kama tunao wageni, wasimame tuwatambue!"

Wakasimama watu kadhaa. Mwalimu kutoka Lugarawa, akatoa salamu. Dada wa chuo, akatoa salamu. Tumezipokea, tumezipokea. Wakakaa. Halafu nikaona fimbo inasukuma sakafu, na Mwinjilisti akasimama.

Kijana wa suti hakumjua. Wengi pale hawakumjua. "Karibu mzee wetu! Tuambie unatokea wapi."

Akataja mtaa wetu. Akautaja kama bado upo.

"Ahaa! Hapo jirani tu! Basi mzee, salamu za huko."

Aliletewa kipaza sauti mdomoni. Nilijua atanyamaza na alinyamaza. Akavua miwani. Watu wakaanza kuguna kwa upole, kama watu wanavyomgunia mzee aliyesahau.

"Salamu sina," akasema. "Huko nilikotoka hakuna mtu."

Kanisa likacheka. Halikucheka kwa ubaya, walidhani mzee ana utani. Kijana wa suti naye akacheka, akasema, "Mzee ana vichekesho!" akainua mikono ili watu wapige makofi ya kumkaribisha. Mwinjilisti alibaki amesimama, miwani mkononi, anaangalia mlango. Mlangoni nilikuwepo mimi.

Sikupanga. Nilishtukia nimesimama. Kiti kilianguka nyuma yangu, watu wakageuka, yote niliyoogopa maisha yangu yote.

"Kuna mwingine! Na wewe binti, unatokea wapi?"

Pale kooni palikuwa pamejaa, lakini kidogo kilipita. "Natoka naye," nikasema.

"Salamu?"

Nikatikisa kichwa. Wakatupigia makofi sote wawili.

Baada ya ibada, nje, walikuwa wanafanya mnada wa sadaka za mazao kama kawaida, jogoo, kabichi, debe la viazi, na yule kijana wa suti anapandisha bei ya jogoo kwa mbwembwe. Mwinjilisti alikuwa ameegemea ukuta wa juani anamsubiri mtoto wake na pikapu. Nikamwamkia. Akanipa peremende. Mikono yake imekuwa myepesi sana.

"Leo umejibu," akasema.

"Ndiyo, Mwinjilisti."

Nilijua nisipomuuliza hapo sitamuuliza tena. "Ulikuwa unamsubiri nani?"

Hakujifanya hajaelewa. "Si ulikuwa unajua?"

"Alikuja?"

Akanigeukia kabisa, taratibu, na ule mguu. Macho yake yalikuwa na maji, labda ya baridi.

"Mimi nilikuwa mbele huko, naona vibaya," akasema. "Wewe ndiye ulikuwa unakaa karibu na mlango. Nilikuwa nakuangalia wewe, nione kama umeshtuka. Hukuwahi kumwona mtu?"

Nimelifikiria swali hilo tangu Jumapili. Pale pale nilitamani kudanganya, kama yeye alivyonidanganyia siku ile. Ningesema ndiyo na angekufa vizuri. Lakini ningemdanganyaje na yeye ndiye alikuwa ananitegemea mimi nione?

"Nilimwona yule utingo," nikasema.

Akafikiri. Mnadani jogoo alikuwa ameuzwa, watu wanashangilia.

"Yule aliyekimbia mvua."

"Ndiyo."

"Alileta salamu yule."

"Za Tunduma," nikasema.

"Za Tunduma." Akatikisa kichwa taratibu, akaiondoa peremende upande mmoja wa mdomo akaipeleka upande mwingine. "Basi hizo ndizo tulizopata, mwanangu."

Pikapu likafika likapiga honi. Nikamshika mkono mpaka kwenye mlango wa gari, nikamwinulia ule mguu, nikaufunga mlango.